Kitufe cha Mama

Chumba cha nyuma, nyumbani
Ijumaa, mchana wa mvua

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko uliko? Kile kifua kimepona? Sisi tu wazima, ila uchovu umehamia kwetu bila kubisha hodi. Macho ya Mama yanazidi kufifia, anashona kwa kupapasa, na bado wateja wanamsifu. Mimi mgongo unaniuma utadhani nina wajukuu.

Ni hii kompyuta uliyotuachia. Yenyewe moja, sisi wanne, na kila mtu anataka kitufe chake pale juu kwenye kivinjari. Nimejifundisha kuvipanga, Kaka! Unabonyeza kulia kwenye ule mstari wa juu, unachagua kuupanga upya, basi unavikokota upendavyo. Siku ya kwanza nilirukaruka chumba kizima. Sasa nikisikia "hebu njoo mara moja" najifanya nimelala.

Mdogo wetu anataka cha kupiga picha ya skrini. Mjomba anataka cha lile duka anakonunulia vipuri vya redio. Mama aliomba kimoja tu, cha kukupigia wewe akuone.

Nilimwekea kushoto kabisa, na nafasi tupu pembeni, ili kidole chake kikitetemeka asibonyeze cha jirani. Alama haoni. Anasukuma mshale mpaka ugonge kona, anabonyeza. Jumapili baada ya Jumapili, Kaka. Kinaita mpaka kinanyamaza.

Mwezi uliopita Mjomba akaiona ile nafasi. "Mnaacha shamba zuri hivi bila kulima?" Akaifuta, akang'oa na kitufe cha Mama, akapanda chake pale pale kona. Unamjua, hana breki.

Jumapili Mama akabonyeza. Likafunguka duka, na picha ya spika kubwa kama kabati. Akainamia kioo, halafu akanigeukia, uso unameremeta. "Kumbe mwanangu siku hizi anauza spika! Ndiyo maana hapokei, yuko na wateja." Mdogo wetu akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu.

Tangu siku hiyo Mama amenawiri. Mteja akija kuchukua gauni, anaambiwa habari za duka lako kabla hajakaa. Kila Jumapili anaitazama ile spika, anasema, "Uza, baba, uza," anafunga.

Mimi ndiye niliyechoka kuitikia hadithi hiyo. Kukirudisha kitufe chako ni kufumba na kufumbua. Lakini kikirudi kitaita tena, na ukinyamaza safari hii hakuna spika ya kukutetea. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Sijui kimekusibu nini. Kama kazi imeisha, sema. Kama umekonda unaona haya, Mama hataona, macho ndiyo hayo. Anataka sauti.

Mjomba anakusalimu sana, hajui alichofanya. Mdogo wetu anakusalimu pia, mguu umepona. Mama hajui kama nakuandikia, ila dua zake unazo. Mungu akushike mkono palipo na utelezi.

Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, saa kumi jioni ya huku, kitufe chako kitakuwa kwenye kona yake, na nafasi yake pembeni. Mjomba nitampeleka matembezini, asije akaking'oa tena.

Kikiita, pokea, Kaka.

Wako akupendaye hata akichoka,
Chapuchapu