Tulipozima Skrini

Dada yangu mpenzi,

Huku sisi ni wazima. Paka uliyeniachia amenenepa, tena ana kiburi kama wewe.

Juzi kikundi chetu cha watengeneza tovuti kilikutana. Mwenyekiti, tunayemwita Profesa, akataka kila mtu azime skrini, kisha anunue tiketi kwenye tovuti aliyoitengeneza mwenyewe, kwa kusikiliza tu programu inayosoma ukurasa kwa sauti. Loo! Mabingwa wote waligonga mwamba. Profesa alizunguka kwenye menyu mpaka jasho likamtoka. "Jamani, mlango wa kutokea uko wapi?" Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Tiketi niliipata mimi peke yangu. Wakaniomba niwafundishe, na sasa kila kitufe kwenye hazina yetu ya pamoja, tunamochota vipande vya kujengea tovuti, kinajitaja kwa sauti.

Hawakuniuliza nilijifunzia wapi. Jicho langu la kushoto limeshazima, na daktari anasema la kulia linafuata. Usilie, dada. Kazi naiweza, tena naipenda.

Ila wewe ukiingia nyumba ya mtu huishi kuhamisha makochi. Ukija safari hii, tafadhali yaache yalipo.

Mdogo wako, mtu wa kompyuta