Uunsi kwenye Chumba cha Mitambo

Siham, uko hapo Wajir? Chana hii karatasi ya teleksi ukishasoma, wallahi.

Yule injinia wa Nairobi ameleta hapa kituo chetu cha simu Garissa ile chipu mpya ya mitambo ya nyaya za kioo, zinazopitisha simu kwa mwanga. Ndogo kama ukucha, na eti inafanya kazi ya kabati zima!

Mimi nikamkaribisha kama mgeni. Nikafukiza uunsi, udi wetu sisi wanawake, chumba chote.

Amewasha tu, akanusa. "Chipu inaungua!"

Siham, CHIPU INAUNGUA! Akaichomoa, akakimbia nayo nje ameikumbatia kama mtoto mchanga. Simu za Garissa nzima zikakatika.

Nikamwonyesha chetezo. Hakucheka hata kidogo.

Sasa shati lake lote linanukia uunsi wa mwanamke, na kesho anarudi kwa mkewe. Huko ndiko ataungua.