Mguu wa Mama Unaendeleaje?

3 Machi

Mzee wa Barafu, shikamoo!

Hujaganda bado huko? Vipi vidole, vipi kile kikohozi cha ghala la samaki? Sisi wazima, ila mguu wa mama ndiyo vile, leo anatembea, kesho anashika ukuta. Cherehani haachi ng'o.

Sasa sikia. Nimeanza kurusha gemu laivu! Lile la magari, ulilokuwa unanifunga halafu unacheka mpaka unadondoka. Siku hizi huniwezi. Nacheza mchana, watu wananiangalia kwenye simu zao, wanaandika komenti, wananitukana nikigonga ukuta. Juzi walifika mia mbili na kumi! Jina langu huko ni Breki Hamna. Usicheke.

Na usianze kuniogopea, kila kitu nimejifunza mwenyewe. Nyuma yangu nimetundika kitambaa cha bluu cha bitana, hata dirisha halionekani. Picha nimeichelewesha dakika tano. Jina la kweli hakuna, mtaa hakuna, namba ya simu ndiyo kabisa. Mama akianza kukanyaga cherehani chumba cha mbele, nazima maiki. Neno langu la siri ni refu mpaka mimi mwenyewe linanishinda. Anayetaka kutujua, labda aje na tochi anipekue kichwani.

Ingia Jumamosi saa nane mchana uone mdogo wako alivyo mtu!

Mdogo wako


10 Machi

Breki Hamna wangu, marahaba.

Mimi mzima, kikohozi kimebaki cha asubuhi tu. Mama hajambo? Mwambie namwota.

Nimekutazama! Ilikuwa saa yetu ya kula. Niliwakusanya wapakiaji sita kwenye kantini, na makoti yao ya baridi, hakuna hata mmoja anayejua lugha yetu, lakini ukikata kona wote wanapiga meza. Nikawaambia, huyo damu yangu. Mwaka wa tatu huu sijakuona, halafu uso wako huo hapo, unacheka kama zamani. Machozi yakanitoka, nikasingizia baridi.

Nilikuandikia salamu pale chini. Umeziona?

Kaka yako


2 Aprili

Kaka, shikamoo. Za huko? Kifua vipi?

Salamu nimeziona. Na watu mia tatu wengine wameziona. Hebu jisome, nimezinakili kama zilivyo: "Mdogo wangu hujambo? Mama hajambo? Mguu wake unaendeleaje? Bado anashona palepale nyuma ya tanki la maji? Mnakaa wawili tu, hamuogopi? Nisalimie fundi viatu hapo jirani."

Kaka! Hiyo ni salamu au ramani? Mimi nimetundika kitambaa, nimezima maiki, nimejificha kama panya, wewe umekuja kuwasha taa!

Najua, hatukulelewa kusalimia kwa neno moja. Mama angekuchapa. Lakini pale si sebuleni kwetu. Nilizifuta, lakini nilikuwa nimechelewa. Kuna mtu anajiita Jirani Mwema. Tangu siku ile, kila nikiingia laivu ananiuliza kitu kilekile: mguu wa mama unaendeleaje? Nikimfungia, anarudi na akaunti nyingine. Jirani Mwema wa Pili, wa Tatu, jana alikuwa wa Tisa.

Tazama tu, usiandike kitu. Na yeye akikusogelea, usimjibu hata nukta.

Mdogo wako


3 Aprili

Mdogo wangu, hujambo? Mama hajambo?

Barua yako nimeisomea juu ya kreti. Huyo Jirani Mwema aliniandikia pembeni, wiki mbili sasa. Kwa adabu kabisa. Alianza na salamu, akaulizia kazi, akaulizia baridi, akaulizia kikohozi. Huku hakuna mtu anayeniuliza kikohozi. Akasema mama yake naye aliugua mguu hivyohivyo, anayo dawa ya kuchua, angependa kumfikishia mama.

Nikamwelekeza. Mpaka kwenye mlango wetu wa kijani.

Nisamehe. Labda ni mtu mwema kweli? Nijibu leo, tafadhali.

Kaka yako


27 Aprili

Kaka, shikamoo. Mama hajambo. Mimi sijui.

Alikuja. Mchana kweupe, mimi niko chumba cha nyuma na hedifoni masikioni. Alileta kitambaa cha shati na kichupa cha dawa. Mama akampima. Kaka, mama amemzungushia mikono yule mtu, kifua, kiuno, shingo, na mimi ukuta wa pili napiga kelele "kona! kona!" kama mwehu!

Jioni nikafungua daftari la mama. "Shati, mikono mirefu, bega kumi na nane. Jina: Jirani Mwema."

"Kijana mstaarabu sana," mama anasema. "Kaniulizia hali kuliko nyinyi wote."

Kesho yake nikiwa laivu ikaingia komenti: "Kile kitambaa cha bluu, ukisimama mlangoni kwa mama kinapendeza zaidi." Nikazima kila kitu, nikakaa chini ya meza. Mtu mzima mimi, chini ya meza.

Polisi tulikwenda. Askari akauliza, "Ameiba?" Hapana. "Amempiga mtu?" Hapana. "Sasa kafanya nini?" Kaleta kitambaa, nikasema. Akaangaliana na mwenzake.

"Binti, huyo ni mteja. Mshoneeni."

Mama akamshonea. Nimemkuta anatia vifungo. Nikamwambia, mama, tupa hicho. Anasema kazi ya mtu haitupwi.

Mdogo wako


6 Mei

Mdogo wangu, hamjambo?

Simu haipatikani. Breki Hamna haonekani. Fundi viatu ananiambia mlango wa kijani una kufuli. Mko wapi? Nitumie anwani. Mguu wa mama unaendeleaje?

Kaka yako


19 Juni

Mdogo wangu, hamjambo? Hata neno moja jamani.

Nilimtukana yule mtu matusi yote ninayoyajua. Akanijibu kwa upole uleule: "Hata mimi nawatafuta."

Kaka yako


11 Septemba

Kaka,

Leo sina shikamoo. Usikasirike. Nikianza tu kuandika salamu, mkono unasimama.

Tumehama mara mbili. Tulipo sasa nimemkataza mama kutundika kibao, kwa hiyo hakuna mteja anayemjua. Cherehani imefunikwa shuka. Anakaa kutwa anautazama mguu wake. Gemu nimefuta, akaunti nimefuta, Breki Hamna kafa. Kabla sijafuta nilikuta picha aliyonitumia. Yule mtu amevaa lile shati. Tuliliacha ndani ya nyumba ya zamani, kwenye msumari, tukafunga kwa kufuli. Bega limemkaa sawasawa. Mama huwa hakosei bega.

Anwani sikupi. Najua hukutaka. Lakini wewe ukiulizwa kikohozi unafungua moyo wote, na yeye hajachoka kuuliza. Nikishatuma hii, hata sanduku hili la barua pepe nalifunga.

Mama hajui kwamba ni wewe. Anajua ni mimi na gemu langu, ananiambia hivyo kila asubuhi, namjibu ndiyo, mama. Halafu anauliza, "Kaka yako kaandika? Kauliza mguu wangu?" Nikisema umeandika, atataka kukujibu, atakusimulia nyumba ilivyo, jirani ni nani, duka liko wapi, maana ndivyo alivyotulea. Nikisema hujaandika, anageukia ukutani. Kila siku nasema hujaandika. Juzi amesema basi, nisimtajie tena jina lako, halafu leo kauliza tena.

Yuko hapa mlangoni sasa hivi, kashika ukuta, ameniona na simu. "Ni yeye?" ananiuliza. "Ni yeye?"

Ungekuwa mimi, kaka, ungemjibu nini?

Mdogo wako