Isale Nililompelekea Dada

Jumamosi, Moshi mjini. Mlima umejifunika tangu asubuhi, manyunyu hayakatiki wala hayanyeshi sawasawa, na mimi nimechoka mpaka kope. Shajara, leo usinidai maneno mazuri.

Nimerudi sasa hivi kutoka Mwika. Viatu vimejaa tope, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa ndizi, na sijanawa kwa sababu sina nguvu ya kufika bombani. Nilikwenda kumwomba msamaha dada yangu, ambaye hatujasemezana kwa miaka sita. Acha niandike kabla sijaanza kujipamba.

Maana kujipamba ndiyo kazi yangu. Mnaoisoma shajara hii mtandaoni hamjui sura iliyo nyuma ya jina hili, na ndivyo ninavyotaka, lakini wengi wenu mmeshaniona kwenye televisheni. Miaka ishirini na miwili ya kuigiza. Nimekuwa nesi, mama mkwe, mlevi, mke wa waziri, mchawi, mtawa. Waandishi wa magazeti hupenda kusema kwamba naweza kuwa mtu yeyote. Nikisoma hivyo natabasamu, halafu naona aibu, kama mtu aliyesifiwa kwa nguo za kuazima.

Ukweli ni kwamba sijawahi kubuni mtu hata mmoja.

Nesi nilimtoa kwa mama mmoja aliyenichoma sindano za malaria nikiwa binti. Alikuwa akiongea na sindano, si na mgonjwa. Mke wa waziri ni Bi Rukia, jirani yetu wa zamani hapa mjini aliyekuwa akiuza vitambaa. Akikasirika alikuwa anashusha sauti, na watu wazima walikuwa wanaondoka wenyewe dukani. Mlevi ni baba mdogo, Mungu amrehemu. Namtazama mtu, kisha naondoka naye. Wengine hawakujua kabisa, na wengine walijua wakacheka. Bi Rukia alinitumia hadi kitenge cha pongezi.

Dada hakucheka.

Nimwite Aikande, ingawa silo jina lake. Mumewe alipomwacha na kuhamia Sanya Juu kwa mwanamke mwingine, nilipanda kumpa pole. Nilimkuta anafagia uwanja. Alifagia mchana kutwa, palepale palipokwisha kuwa safi. Jioni akataka kuwasha moto, akatafuta kibiriti asikione. Akaanza kucheka. Akajishika shingo, akasema, "Hata kibiriti kabeba." Ndipo machozi yalipomtoka, bado anacheka. Nilimkumbatia, nikalia naye, na naapa nililia kwa moyo wote.

Na huku nimemkumbatia, nilikuwa nakariri.

Mwaka uliofuata nikapewa filamu ya mke aliyeachwa. Nikafagia, nikacheka, nikajishika shingo. Yale maneno sikuyabadilisha hata moja. Filamu ile ndiyo iliyonipa tuzo, ndiyo iliyofanya wauza nyanya wanisalimie "Hata kibiriti!" badala ya kunipa shikamoo. Dada sikumwambia kitu. Nilijidanganya kwamba huko juu hawana habari na filamu zetu.

Aliiona kwa jirani, kwenye sherehe ya kipaimara, sebule imejaa watu. Kabla filamu haijafika katikati, watu walikuwa wameacha kutazama televisheni wanamtazama yeye. Tangu siku hiyo, akipita barabarani na mzigo wa majani ya ng'ombe, watoto wanamwimbia, "Hata kibiriti!" Wanadhani wanamsifu. Akaacha kwenda sokoni. Akaacha kupokea simu zangu. Kila nilipolalamika, mama mmoja wa kanisani alikuwa ananijibu kwamba msiba wa kujitakia hauna kilio.

Kama leo ningekuwa nimepanda kwa sababu hiyo tu, ningejiheshimu kidogo.

Lakini wiki iliyopita prodyuza alinipigia. Wanataka sehemu ya pili. Yule mke amezeeka, na mume aliyemkimbia anarudi akiwa mgonjwa, naye anampokea. Hadithi hiyo hawakuiota. Mume wa dada amerudi kweli, tangu mwaka jana, mgonjwa wa kulala kitandani. Nilisikia kwa ndugu, na aliyeropoka ni mimi, siku moja tulipokuwa lokesheni, kwenye kupiga picha, tunasubiri mvua ikatike. Nina miaka hamsini na mmoja. Siku hizi naletewa vikongwe tu, nasema mistari mitatu, halafu nakufa. Hapa nimepewa filamu nzima. Simu ilipokatika, kitu cha kwanza nilichowaza si dada. Niliwaza: anamlishaje? Anamwitaje siku hizi?

Ndipo nikaamua kwenda na isale.

Kwa mnaosoma kutoka mbali: isale ni ule mmea tunaoupanda mipakani na makaburini. Ukimkosea mtu, unalifunga jani lake fundo, unampelekea. Mchagga anaweza kukunyima hata maji, lakini isale halikatai. Nililichuma kwenye mpaka wa kihamba cha marehemu baba, shamba letu la migomba, nikalificha ndani ya khanga. Nilijua halikataliwi. Ndiyo maana nililibeba.

Nilimkuta jikoni anamenya ndizi. Amekonda, na nywele zimekuwa nyeupe zote. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba bila kuinua macho, nami nikashukuru hata hiyo. Nilipolitoa lile jani, magoti yakaanza kukunjika yenyewe. Kichwa kikalala upande. Nilishaicheza hiyo zamani, kwenye filamu ya mkwe aliyefukuzwa, na mwili wangu ulikuwa unaikumbuka yote.

"Simama," dada akasema. "Hiyo ya magoti niliiona."

Kumbe ananiangalia! Miaka yote hiyo hapokei simu yangu, lakini ananiangalia.

"Ile ya nesi ulicheza vizuri," akaongeza, akanisogezea kisu. Nikakaa kwenye kigoda nikamenya ndizi, jani nimeliweka mapajani. Chumbani mtu akakohoa, kikohozi kirefu kinachoishia na mluzi mwembamba. Niliinamia ndizi zangu. Mlango ulikuwa wazi, na niseme ukweli, kutotazama kule ndani kulinigharimu kuliko kitu chochote nilichofanya leo. Lakini masikio sikuweza kuyafumba.

Dada akaweka kisu chini.

"Umekuja kuomba msamaha, au umekuja kuomba ruhusa?"

Sijui alijuaje. Labda aliniona nilivyokuwa nasikiliza kile kikohozi.

"Msamaha, dada," nikasema. Sauti ilitoka laini, ya chini, na papo hapo nikaitambua. Ilikuwa ya yule mtawa. Dada aliendelea kunitazama tu. Nikajaribu tena, na safari hii sauti ilinikwama, ikatoka mbaya. "Vyote viwili. Wanataka sehemu ya pili."

Alilichukua isale mapajani mwangu. Akalipangusa utomvu kwa pindo la khanga yake, akalichomeka kwenye ufa wa ukuta, juu ya mafiga.

"Msamaha nimekupa. Isale ni isale, sina namna. Ruhusa sikupi. Huyu mzee anakufa, na namna anavyokufa ni yetu humu ndani."

Nilitaka kulia, sikuweza. Kila kilio nilichokitafuta kilikuwa na mwenyewe: cha mama mkwe, cha mjane wa jirani, cha Aikande. Nikamalizia ndizi zilizobaki. Alinifungia parachichi mbili kwenye mfuko, akanisindikiza mpaka kwenye mfereji, akageuka bila kuniaga.

Nilipofika stendi nikampigia prodyuza, nikamwambia sifanyi. Nitakiri: nilitegemea anibembeleze. Nilishajiandaa kukataa mara tatu.

"Usijali, mama," akasema. "Kuna binti tumempata, anakuiga mpaka tukacheka. Ufagio, shingo, kila kitu. Tutampaka mvi tu."

Nikamwomba basi wabadilishe hadithi. Akasema imeshaandikwa, wanaanza mwezi ujao, na Mungu anibariki. Nilibaki nimesimama pale na parachichi zangu, watu wananigusa bega, mmoja anataka picha. Nilipiga naye picha. Nilitabasamu. Mwili unajua kazi yake hata mwenyewe akiwa hayupo.

Kwa hiyo nimekataa, na kukataa kwangu hakujaokoa kitu. Kikohozi kile kitachezwa na mtu ambaye hajawahi kukisikia, katika nyumba ambayo hajawahi kuingia, na watoto wa Mwika watapata neno jipya la kumwimbia dada. Mimi nilidhani dhambi yangu ni kuigiza. Kumbe mdomo ulitangulia.

Tangu nimeketi hapa kuna sauti inaninong'oneza: basi icheze wewe, si bora uicheze wewe kwa heshima kuliko mgeni kwa dhihaka? Inasema kwa utulivu, ina hoja nzuri, na imeshaniambia hata nguo nitakazovaa. Nimeitafuta kwa kila mtu niliyewahi kumwigiza, sijampata mwenyewe. Hiyo sikuiazima popote.

Nimechoka, shajara. Si uchovu wa kulala ukaamka mzima.

Ila dada alijua mambo yake kwenye sebule ya watu, mara ya kwanza, kwa sababu mimi niliogopa kumwambia. Hilo tu ndilo lililobaki mikononi mwangu. Kesho asubuhi na mapema napanda tena, nimwahi kabla hajaenda ibadani. Nitamwambia kuwa aliyeropoka ni mimi. Nitamwambia kuwa filamu inatengenezwa, na kwamba sina uwezo wa kuizuia. Akinifukuza, sawa.

Asiponifukuza, nitamsomea haya niliyoandika, neno kwa neno, hata pale pa kikohozi. Akisema futa, nafuta.