Ile "Leave" Uliyoniandikia

Mpendwa Baba Kulwa,

Mwangaluka. Watoto wanakusalimu, shikamoo zao nimezibeba humu. Nakuandikia hadharani kwa sababu namba yako haipatikani, huu ni mwezi wa saba sasa tangu uzime, na nawajua madereva wa Isaka: akisoma mmoja wamesoma wote, na hutakosa wa kukuonyesha. Nisamehe kwa kuanika mambo yetu ya ndani. Nimechanganyikiwa, mume wangu, na nimechoka kuchanganyikiwa peke yangu.

Unakumbuka tulivyoanza? Ulikuwa umeacha kushuka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu yaliyoninyima raha kila ulipotoka nyumbani. Ukapata kazi ya utingo, na tajiri wa malori akasema atakupa usukani siku utakayoweza kuongea Kiingereza na watu wa ng'ambo ya mpaka wa Rusumo. Mimi nilikuwa nimefika kidato cha nne. Matokeo yangu unayajua, tusiyataje mbele za watu, lakini kwako wewe wa darasa la saba nilikuwa profesa. Ukawa unakaa kwenye kigoda pembeni ya cherehani yangu hapa Kalangalala, Geita, mimi nakanyaga, wewe unakariri. Kila jioni nilikuandikia maneno kumi kwenye daftari, la Kiingereza kushoto, la Kiswahili kulia, huku mapacha wetu wakilia kwa zamu.

Ulimi wako wa Kisukuma ulikuwa na kiburi. Ukiambiwa useme "rice", yaani wali, ulisema "lice", yaani chawa.

"Umeomba chawa na maharage," nikakuambia.

"Basi wachemshe vizuri, nina njaa."

"Kitchen" na "chicken" zilikushinda wiki nzima, ukawa unanituma kwenye kuku nikachinje jiko. "Ship" na "sheep" ndiyo usiseme. Ulirudi kutoka bandari kavu ya Isaka ukanisimulia kwa Kiingereza kwamba makontena yote yale yameletwa na kondoo.

Halafu nikaleta misemo, na hapo ndipo tulipoharibikiwa kabisa. Nilikueleza kwamba Waingereza mvua ikiwa kubwa husema inanyesha paka na mbwa. Ukatazama mabati yetu yenye matundu, ukasema humu wataingia paka tu, mbwa watabaki nje. Na siku ya safari yako ya kwanza ukiwa dereva, uliposimamisha lori Ushirombo kumuaga mama yako, mimi nilikuwa nimetangulia pale na watoto. Nikakupungia mkono nikapaza sauti, "Break a leg!" Mama akataka tafsiri. Kwa ujinga wangu nikamwambia: vunja mguu.

"Yaya!" akasema, yaani hapana. "Mguu wa mwanangu umekukosea nini wewe?"

Nikamweleza kwamba ndivyo wenye lugha yao wanavyotakiana heri.

"Na wakitakiana shari wanasemaje?"

Wewe ulikuwa umeegemea usukani, unacheka mpaka machozi. Hiyo ndiyo sura yako ninayoiona nikifumba macho.

Tukawekeana sharti kwamba meseji zote ziwe za Kiingereza, ili usisahau. Ukawa unaniandikia kutoka kila mizani ya malori barabarani. Nimechoka ila nina nguvu. Mvua ya paka. Siku moja ukaandika "I miss your kitchen", na sikujua umekumbuka jiko langu au kuku wangu, nami nikakupenda kwa yote mawili.

Kisha ikaja ile ya mwisho. "I am leaving here now. Greet the children." Sikuhitaji kuisoma mara mbili. Unaondoka huko sasa, niwasalimie watoto. Unakuja! Nikasukuma nguo za wateja pembeni nikamshonea Doto gauni, nikampeleka Kulwa kunyolewa, nikanunua kuku. Alhamisi tukakungoja. Ijumaa tukakungoja. Jumamosi yule kuku tukamla wenyewe. Nikaanza kufikiria ajali, nikapanda basi mpaka Isaka.

Tajiri wako hakuwa na wasiwasi wowote. "Mumeo alikabidhi gari salama kule kule ng'ambo, mama. Mzima kabisa. Akaniaga kwa simu, akasema anakwenda kwake."

"Kwake wapi?"

"Sasa mama, mtu akisema kwake, si kwake?"

Nikarudi Geita na hilo neno kichwani njia nzima. Sikutegemea kwamba hata Kiswahili kingenigeuka.

Mwezi uliopita Doto alikuwa anatafuta karatasi ya kukokotolea hesabu, akaibuka na daftari letu. Yuko darasa la nne sasa na hana huruma. "Mama, hapa ulikosea," akasema. "Umeandika live, kuondoka. Leave, kuishi. Si kinyume?" Nikamnyang'anya. Ni mwandiko wangu, Baba Kulwa, na doa la uji lipo hapo hapo. Maneno mawili yanayotamkwa karibu sawa, mguu wangu uko kwenye cherehani, mtoto analia, nikayageuza kichwa chini miguu juu, na wewe ukayakariri kwa imani. Doto akaleta ufutio. Nikamwambia asiguse.

Maana kama uliandika nilivyokufundisha, basi ile meseji haisemi kwamba unaondoka huko. Inasema kwamba unaishi huko sasa. Uliniambia wazi, kwa maneno niliyokupa mwenyewe, na mimi nikaenda kununua kuku.

Nimezisoma upya meseji zako zote, sijawahi kufuta hata moja. Mwaka wa kwanza uliandika kwamba madereva wanne mna-"leave" chumba kimoja. Hapo ni kuishi. Baadaye ukaandika kwamba kesho mna-"leave" mapema sana. Hapo ni kuondoka, tena sahihi kabisa. Kuna mtu alikusahihisha njiani? Lini? Nani? Asubuhi naamini ulianza safari na umekwama mahali. Mchana nikishona nakuona umekaa kwenye kigoda cha mtu mwingine, unafundishwa vizuri kuliko nilivyokufundisha mimi. Hata zile salamu za watoto nimezichambua. Mtu anayekuja anatuma salamu za nini, si atawasalimia mwenyewe? Lakini nakujua, wewe huwasalimia hata ukiwa bafuni, kwa hiyo hilo nalo halinisaidii.

Nina hasira na wewe. Nina hasira zaidi na mimi. Mama yako hutoka nje kila lori linapopunguza mwendo Ushirombo, kisha hunipigia: "Alisemaje hasa, mkwe?" Namjibu kwamba labda nilisoma vibaya, na haelewi mtu anasomaje vibaya neno moja kwa miezi saba. Doto bado anauliza utakuja lini. Kulwa ameacha kuuliza, na hilo linaniuma kuliko yote. Sijui niwaambie wakungoje au niwaambie wazoee. Sijui hata mimi mwenyewe nifanye lipi kati ya hayo.

Kwa hiyo Kiingereza basi. Lile sharti nalivunja leo. Na kwa Kiswahili nako usiniandikie kwamba unakwenda kwako, wala kwamba tutaona, wala kwamba mambo ni mengi. Kama umekwama, taja mahali nitume ndugu zako. Kama una nyumba huko, sitakufuata na sitakutukana. Nitalia, halafu nitawaambia watoto na mama yako mimi mwenyewe, kwa maneno wanayoyaelewa.

Andika "naja", au andika "siji". Yote mawili yana herufi nne. Wiki nzima hii nimekuwa najizoeza kulisoma la pili.

Kwaheri kwa sasa, dereva wangu.

Mkeo mpaka useme vingine,
Mama Kulwa