Paipu ya Benzi la Marehemu

Jumatatu, 13 Julai 1998

Shemeji Abdulbasit kaleta salamu kutoka Kipini. Jumamosi anakuja na wazee wawili. Nikiweza kuliendesha Benzi la marehemu mume wangu hadi sokoni na kurudi, linabaki kwangu. Nisipoweza, anaondoka nalo. Eti usukani mzito, si wa mwanamke.

Mzito kweli! Paipu ya pawa stiaringi, ile ipitishayo mafuta ya kulainisha usukani, imepasuka kwa uzee, yote yameishia mchangani. Nimekata kona moja tu leo, mabega yananiuma mpaka sasa. Lakini simpi. Mume wangu alinifundisha kuendesha ndani ya gari hili, akinifokea njia nzima. Namkumbuka hata kwa kufoka kwake.

Jumanne, 14 Julai

Paipu haipo Malindi, haipo Mombasa. Jefwa fundi kasema ataitengeneza: atakata paipu ya mpira ya trekta bovu kule Bura, atoe vichwa vya chuma vya paipu ya zamani, avibane upya kwa mashine ya fundi wa huko. Kapima urefu kwa kamba ya katani, kaifunga kiunoni, kapanda pikipiki. Nimemwombea dua ndefu kama anakwenda Hija.

Jumatano, 15 Julai

Fupi! Imepungua vidole vinne. Kamba ililowa akivuka maji, ikakauka, ikanywea. Nikamuuliza Jefwa, miaka ishirini ya ufundi, hujui katani ikilowa hunywea? Kasema kamba ile kwa kawaida hufungia mbuzi, na mbuzi hajawahi kulalamika. Karudi Bura bila kunywa hata maji. Safari hii nimempa futi yangu ya cherehani.

Alhamisi, 16 Julai

Alhamdulillahi! Paipu imekaa sawasawa, haivuji hata tone. Nimezunguka uwanja wa shule mara tatu, usukani laini, nageuza kwa mkono mmoja. Walimu wenzangu wakapiga makofi. Mafuta aliyotia Jefwa hayakukijaza kikopo cha usukani. Jefwa kasema atatafuta mengine kesho. Abdia, jirani yangu Muorma auzaye maziwa, alikuja kuangalia. Kainama kwenye injini, akauliza maswali mengi.

Ijumaa, 17 Julai

Maajabu. Alfajiri usukani umekuwa jiwe. Saa nane mchana, laini. Jefwa kakagua kila kitu, akachovya kidole kwenye kikopo, akanusa, akalamba.

"Madamu, hii inataka wali."

Samli! Nikaenda kwa Abdia. Hakuficha, tena kajivunia. Aliona kikopo hakijajaa, akakijaza jana jioni.

"Mwalimu, ngozi bila samli inapasuka. Hii paipu yako nayo ni ngozi tu. Mimi nimesaidia wewe."

Kwao vyombo vya maziwa na kamba za ngozi hupakwa samli miaka nenda miaka rudi. Ningemkasirikia vipi? Lakini nilitaka kulia. Kukipoa samli inaganda, jua likipanda inayeyuka. Jefwa anasema lazima imwagwe yote, na mafuta ya kujaza upya hayapo hapa Garsen nzima. Yatafika na basi la Jumapili. Shemeji ni kesho!

Jumamosi, 18 Julai

Saa moja kasorobo asubuhi, wamefika. Wameswali alfajiri njiani. Baridi ya Julai, mpaka nimejitanda leso mbili. Nikawakaribisha chai, nikasema tungoje jua. Shemeji akacheka, akawaambia wazee kwamba naogopa. Basi yeye atalitoa gari uani, nione linavyoendeshwa. Akanyoosha mkono.

Nikampa ufunguo. Mungu anisamehe, samli sikuitaja.

Naandika hapa dirishani. Benzi limeingiza pua kwenye ua wa Abdia na halitoki. Shemeji kaning'inia kwenye usukani, kanzu imelowa mgongoni. Mzee mmoja alijaribu kumsaidia kuvuta, kofia ikadondoka. Mwingine kaketi mkekani, anakunywa maziwa ya Abdia na kutazama. Jua ndiyo kwanza linagusa boneti. Nakisia bado saa nzima na ushei samli iyeyuke.

Kaja mpaka dirishani. Anasema polepole, wazee wasisikie.

"Shemeji, hebu niambie. Wewe hili gari huligeuza vipi?"

Nimemwambia anywe chai kwanza. Nimemtilia sukari nyingi, kachoka maskini.