Magari uwanjani Cimpunda

Dada Neema,

Nakuamkia kutoka Bukavu, mvua imeacha tope hadi mlangoni. Leo nakuandikia habari za semina ya mtaani Cimpunda. Vijana waliulizwa wanatamani mazoezi gani, wakaambiwa wajibu kwa michoro na udongo wa kufinyanga, kana kwamba hawana midomo.

Msichana mmoja, kapiteni wa timu ya mtaa, alichora magari matatu juu ya nyasi za uwanja. Mwezeshaji akafurahi.

"Maman, uko na talanta! Unaota safari?"

"Hapana, tonton. Ni magari yenu. Muliyaweka ku terrain yetu, na saa kumi tuko na match."

Wenzake wakacheka. Mwezeshaji akaibandika picha ukutani, chini ya neno "Matarajio", akagawa soda.

Saa kumi timu mbili zilianza kucheza katikati ya magari. Shuti la kwanza likagonga kioo cha gari, na mwezeshaji akaelewa papo hapo. Ndani ya dakika mbili uwanjani hapakuwa na gari hata moja.

Nakuletea sambaza kavu, dagaa wa ziwa letu. Wabusu watoto, wacheze sana hapo Luvungi kabla hajafika mtu na kalamu za rangi kuwauliza wanatamani nini.

Kaka yako